Bahati Haikushika Bunduki

Sentensi iliyonigombanisha na bibi yangu ilikuwa ya Kiingereza, na bibi hakujua Kiingereza.

Ilikuwa masika ya mwaka 2011. Nilipanda gari asubuhi mjini Morogoro, tukapita Kiroka na Mkuyuni, tukaingia Matombo matope yakiwa yamefika kwenye milango. Ndani ya mfuko wa nailoni nilikuwa na kurasa kumi na moja zilizochapwa vizuri. Kikundi kidogo cha watu waliokuwa wakikusanya kumbukumbu za wazee kilikuwa kimeniomba nimrekodi bibi akisimulia mambo ya matuta, kisha niandike alichosema kwa Kiswahili na kukitafsiri kwa Kiingereza. Kurekodi nilimaliza Desemba. Tafsiri ilinichukua miezi mitatu. Siku ile nilikuja kumsomea, kwa sababu nilijiahidi kwamba hakuna kitu kitakachotoka na jina lake kabla hajakisikia.

Alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda. Nikaanza kumsomea, nikiirudisha ile Kiingereza katika Kiswahili sentensi kwa sentensi, ili ajue maneno yake yamekwenda wapi.

Tulikwenda vizuri mpaka ukurasa wa saba. Nikasoma: "Na kama bahati ilivyotaka, mtu mmoja akapigwa risasi akafa."

Bibi akaacha kuchambua.

"Mjukuu wangu, hiyo bahati umeitoa wapi?"

Nikamwambia ndivyo Kiingereza kinavyosema, ni namna ya kulainisha maneno.

"Mimi sikusema bahati hapo. Bahati ilishika bunduki?"

*

Lazima nieleze msemo huo niliupata wapi, maana nilikuwa nimeubeba kwa miaka mingi kama mtu anavyobeba saa ya urithi.

Tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni: "as luck would have it". Akasema anayetaka alama nzuri kwenye insha asiandike "luckily" kama mtoto wa shule ya msingi. Tukaunakili nyuma ya madaftari. Kuanzia siku hiyo hakuna insha ya darasa letu iliyokosa msemo huo. Basi lilichelewa, as luck would have it. Mvua ilinyesha siku ya harusi, as luck would have it. Wenzetu wengine waliutumia hata kwa mambo ya kesho: as luck would have it, nitakuwa daktari.

Kosa hilo la mwisho lina chanzo chake. Sisi tulifundishwa kwamba "would" ni "-nge-". Angekuja, angesema, ingekuwa. Kwa hiyo masikioni mwetu msemo ulisikika kama "kama bahati ingekuwa nayo", jambo ambalo halijatokea na pengine halitatokea. Lakini "would" ya pale si ya masharti. Ni ya zamani, yenye maana ya kutaka. Bahati ilitaka jambo liwe hivyo, likawa. Msemo wote unatazama nyuma: jambo limekwisha kutokea, limeangukia wakati ambao umeyabadilisha mambo, na msimulizi anasema halikupangwa na mtu.

Nao hausemi kama bahati ni nzuri au mbaya. Ni lazima sentensi yenyewe ioneshe. Ukiandika kwamba, as luck would have it, daktari alikuwa jirani, msomaji anafurahi. Ukiandika kwamba, as luck would have it, daktari alikuwa amesafiri, msomaji anasikitika. Msemo ni uleule, umevaa kanzu isiyo na rangi.

Anayetaka kusema jambo la mbele analitumainia kwa kusitasita ana msemo mwingine, "with any luck". Hiyo "any" maana yake ni bahati yoyote, hata chembe. With any luck, mvua itanyesha. Anayesema hivyo anaitaka mvua na hana hakika nayo. Msemo wa kwanza ni wa msimulizi, wa pili ni wa mkulima.

Haya yote niliyajua vizuri nilipokuwa mtu mzima. Katika zile kurasa kumi na moja hapakuwa na kosa la sarufi hata moja. Ndiyo maana swali la bibi lilinikuta sina ngao.

*

Bibi alizaliwa Matombo kabla ya Vita Kuu ya Pili, na matuta yalipokuja alikuwa msichana mwenye nguvu za kushika jembe.

Mpango wenyewe uliitwa kwa Kiingereza Uluguru Land Usage Scheme, na ulianza kutekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu ya mmomonyoko. Hofu hiyo haikuzaliwa Uluguru. Miaka ya 1930 upepo ulipeperusha udongo wa mashamba ya tambarare za Marekani, na habari zake ziliwatisha maofisa wa kilimo wa Uingereza kila walipotawala. Baada ya vita, mipango ya kuokoa udongo ikaanzishwa Usambara, Usukuma na kwingineko. Uluguru ilikuwa na sababu ya ziada: milima hii, yenye vilele vinavyopita mita 2,600, ndiyo chanzo cha mto Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam mpaka leo.

Kwa hiyo hofu ilikuwa ya kweli. Dawa ndiyo iliyokuwa na shida. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, yaani kukata mteremko na kuufanya kama vidato vya nyumba, kila kidato kikiwa bapa. Asiyechimba alishtakiwa baraza la wenyeji akatozwa faini au kufungwa. Wandewa, ambao kwa jadi walitazama ardhi ya ukoo, wakatumiwa kuhakikisha watu wanachimba.

Upande wa magharibi, Mgeta, matuta hayakuleta vita kubwa. Kule tayari watu walikuwa na namna yao ya ngazi, za kufukia majani na kuvuta udongo juu yake, na walikuwa wakilima mboga za kuuza mjini ambazo zinaweza kulipia jasho. Upande wa mashariki, kwetu, udongo wa juu ni mwembamba na mteremko ni mkali. Ukichimba kidato, udongo mzuri unafukiwa chini na ule mwekundu wa ndani, usio na rutuba, unakuja juu. Bila samadi hauoti kitu cha maana, na mifugo ya kutoa samadi haikuwepo. Mvua za mashariki nazo ni nzito, kwa kuwa milima inazipokea moja kwa moja kutoka Bahari ya Hindi. Maji yakituama juu ya kidato, kidato kinashuka.

Bibi alilisema hili kwa sentensi moja: "Tulichimba kaburi la udongo mzuri, tukapanda juu ya kaburi."

Kisha kuna jambo la ardhi yenyewe. Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Shamba ni la lukolo, na mwanamke halimi kama mgeni wa mumewe tu, analima kwa haki ya mama zake. Mtu wa serikali akija na kamba na mambo kukuonyesha pa kuchimba katika ardhi hiyo, swali la kwanza si la kilimo. Swali ni: leo anapima, kesho atachukua? Wapo walioamini kwamba matuta ni maandalizi ya kunyang'anywa.

Mwaka 1954, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Mwezi Machi 1955 Julius Nyerere alikwenda New York kuzungumza kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na mwezi huohuo akaacha ualimu pale Pugu. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakiitembelea. Walikuja 1948, 1951 na 1954. Ndiyo kusema malalamiko ya mkulima wa Uluguru yalikuwa na njia ya kufika mbali, mradi yapate mtu wa kuyaandika kwa Kiingereza. Nani ameyaandika, na kwa maneno gani, halikuwa jambo dogo hata wakati ule.

Julai 1955, Matombo, umati ulikusanyika kuyakataa matuta. Mawe yakarushwa. Polisi wakafyatua risasi. Mtu mmoja akafa. Baada ya hapo matuta ya lazima yakaachwa.

Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha kitabu kizima kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, na kisa hiki kimo. Mwaka 1996 Pamela Maack alichapisha makala juu ya watu waliokataa matuta. Wasomi hawakutusahau. Lakini bibi alikuwa akisimulia kwa mara ya kwanza mbele ya chombo cha kurekodi, na mkalimani wake nilikuwa mimi.

*

Nilirudi mjini na kurasa zangu, nikafungua tena sauti yake. Nilitaka kujua neno bahati alilitumia wapi. Nililisikia mara moja tu.

Alisema: "Bahati baba siku hiyo aliamka na homa." Baba yake alikuwa amejiandaa kwenda na wenzake. Usiku akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Asubuhi hakuweza kusimama. Wenzake wakapita kumwita, wakamwacha. Hapo msemo wangu wa kidato cha tatu ulikaa mahali pake kabisa. Homa haikupangwa na mtu, iliangukia siku iliyobadilisha kila kitu, na imekwisha kutokea. Nikauacha.

Mahali pa pili niliandika "as luck would have it" bibi hakusema bahati. Alikuwa akimsimulia mama yake, aliyekwenda kwenye matuta kila alfajiri huku akisema: "Tukijaliwa, vuli hii tutakula." Nilikuwa nimeandika kana kwamba walikula. Hawakula. Mahindi yalitoka ya manjano, marefu kama goti. Kwa kutumia msemo wa mambo yaliyotokea kwenye tumaini ambalo halikutimia, nilikuwa nimemgeuza mama wa bibi yangu kuwa shahidi wa mafanikio ya mpango uliomshinda. Pale ilifaa "with any luck", na hata hiyo haikutosha.

Haikutosha kwa sababu "tukijaliwa" ina mtu ndani yake. Tazama kitenzi: kujalia, kujaliwa. Ni kitenzi cha kutendwa, na kila kutendwa kuna mtenda. Hatajwi, lakini kila anayesikiliza anamjua. Mwingine atasema Mungu akipenda, mwingine inshallah, mzee wa Kinole zamani angefikiri pia habari za Kingalu, ambaye jadi yake inahusishwa na mvua. Yote hayo yanasitasita, lakini hayasitasiti hewani, yanasitasita mbele ya mtu.

Hata maneno yetu mengine ya bahati yana mtu aliyejificha. Bahati yenyewe imetoka Uajemi, na kule asili yake ni kitu mtu alichogawiwa. Nasibu ni Kiarabu, maana yake fungu. Kama kuna fungu, yupo aliyegawa. Ajali nayo, katika Kiarabu, ilikuwa muda uliowekwa, saa ya mtu kuondoka duniani. Sisi tumeifanya gari lililopinduka. Neno lililosema kwamba saa imepangwa sasa linasema kwamba hakuna aliyepanga.

Waingereza nao walipita njia hiyo. Neno lao la kale la bahati, "hap", waliletewa na watu wa Skandinavia, na bado limo ndani ya "perhaps" na "happen". Kila wanaposema labda, wanaitaja bahati bila kujua. Na ule msemo wangu una historia inayonifurahisha. Katika mchezo wa Shakespeare kuhusu wake wa Windsor, Falstaff, mzee mnene aliyefumaniwa, anasimulia jinsi alivyookolewa kwa kufichwa ndani ya kapu la nguo chafu, kisha akatupwa mtoni. Katika chapa ya mwaka 1602, aliyelitaka jambo liwe hivyo ni Mungu. Katika chapa kubwa ya 1623, mahali palepale ni bahati njema. Katikati yake, mwaka 1606, ilipitishwa sheria iliyowatoza waigizaji pauni 10 kwa kulitaja jina la Mungu kimchezo jukwaani. Mtenda akafutwa kwa kuogopa faini, na bahati ikakalishwa kwenye kiti chake.

Niliposoma habari hiyo nilifikiri mara moja ukurasa wangu wa saba. Mimi sheria gani ilinitisha?

*

Sikutishwa na mtu. Nilitaka kuonekana muungwana.

Nilijua kurasa zile zitasomwa na wageni. Nikaona "police shot a man dead" ni maneno makali, yatamfanya bibi aonekane mwenye kinyongo. Nikaweka kitambaa laini juu yake. Kwa sarufi kitambaa kilitosha: jambo lilikuwa limetokea, lilikuwa baya, wakati wake ulibadilisha mambo. Mwalimu wangu angenipa alama zote.

Lakini msemo ule una sharti moja ambalo halimo vitabuni mwetu vya shule. Haufai pale ambapo yupo mtu aliyefanya akijua anachofanya. Homa haina mkono. Bunduki ina mkono. Ukiweka bahati mbele ya tendo la mtu, unamtoa mtu huyo kwenye sentensi, na kwa kuwa sentensi ndiyo yote atakayobaki nayo msomaji wa mbali, umemtoa kwenye historia.

Kiswahili hakihitaji hata neno bahati kufanya hivyo. Kila mtoto analijua. Akiangusha kikombe hasemi "nimevunja", anasema "kimevunjika", kana kwamba kikombe kilichoka kuwa kizima. Tuna "akafa", ambayo haina mtenda. Tuna "akauawa", ambayo ina mtenda lakini hamtaji. Tuna "wakamuua", ambayo inamtaja. Maneno matatu, maiti moja. Magazeti yetu, barua zetu za ofisini na hotuba zetu za msiba zinachagua kati ya hayo kila siku, na mara nyingi tunachagua lile la kikombe.

Nikaandika upya. Safari hii nilikwenda upande wa pili. Niliandika kwamba polisi walimlenga mtu huyo makusudi wakamuua. Nilijiona shujaa. Wiki mbili baadaye nikapanda tena gari la Matombo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho wa sentensi, akatikisa kichwa tena.

"Umetoka kwenye bahati umeingia kwenye makusudi. Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, bibi."

"Mimi nilikuwepo?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesikiliza sauti yake mara ishirini, na sikuwa nimeligundua. Hakuwepo. Alikuwa nyumbani akimkanda baba yake kwa kitambaa cha maji. Alisikia mlio ukapita bondeni, akadhani ni jiwe limeporomoka. Jioni watu walirudi wakasimulia, kila mmoja kwa namna yake.

"Andika nilisikia mlio," akasema. "Andika niliambiwa askari walipiga risasi na mtu akafa. Kama alilengwa, kama hakulengwa, mimi sikuona. Hilo kamuulize aliyeona. Lakini bahati usiiweke. Mlio wa bunduki nilikuwa naujua kuwa ni wa bunduki siku ya pili yake, na bunduki walikuwa nazo askari."

Katika mafunzo yangu yote ya lugha sijapata somo kama hilo. Nilikuwa nikidhani kusitasita ni uoga na kusema wazi ni ushujaa. Bibi alikuwa akisitasita kuliko mimi. "Nilisikia." "Niliambiwa." "Sikuona." Kila neno kati ya hayo linapunguza anachodai, na kila moja linamweka mahali alipokuwa hasa: ndani ya nyumba, kando ya kitanda, na kitambaa mkononi. Kusitasita kwake kulionyesha mpaka wa anachokijua. Kusitasita kwangu kulificha kinachojulikana.

*

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilipiga Mgeta. Kwa saa chache milima ikaachia maporomoko yapatayo 1,000, na watafiti walioyachunguza waliona kwamba machache mno yalianzia msituni. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye majani matupu. Nalitaja jambo hili kwa sababu nisingependa msomaji aondoke akidhani hofu ya udongo ilikuwa uongo wa Wazungu. Udongo wa Uluguru unateremka. Baba zetu waliokataa matuta hawakusema hauteremki. Walisema matuta haya, mahali hapa, kwa amri hii, hapana.

Na mvua ile ya 1970, je, ilikuwa bahati mbaya? Mvua yenyewe, ndiyo, unaweza kusema hivyo. Maporomoko kuanzia pasipo miti, hapana, pale kuna mikono. Tangu siku ile ya ukurasa wa saba nimekuwa nikiikata kila habari mbaya vipande viwili namna hiyo. Basi limetumbukia: ukungu ni wa bahati, breki zisizokaguliwa si za bahati. Mto umefurika: mawingu ni ya bahati, nyumba zilizoachwa zijengwe kwenye mkondo si za bahati. Si kila mara napata pa kukata. Lakini nikiandika "kwa bahati mbaya" sasa kalamu inasimama kidogo, inauliza kama yupo mtu nyuma ya neno.

Kurasa zilikwenda zilikokwenda. Katika zile za Kiingereza msemo wa mwalimu wangu umebaki mara moja, kwenye homa. Mahali pa mama wa bibi nimeacha neno "tukijaliwa" kama lilivyo, na baada yake nikaeleza kwa sentensi moja kwamba ni tumaini linaloomba ruhusa. Mahali pa risasi pamekuwa na maneno ya bibi, moja baada ya jingine: nilisikia, niliambiwa, askari, mtu.

Siku niliyomsomea nakala ya mwisho alikubali. Alikuwa amemaliza mchele, anapepeta. Nikamuuliza jambo nililokuwa sijathubutu kumuuliza tangu mwanzo: kama anadhani homa ile ndiyo iliyomwokoa baba yake.

"Ndiyo. Ile ilikuwa bahati," akasema, "na nilikuwa naishukuru mpaka nilipoolewa."

"Kwa nini mpaka ulipoolewa?"

Akaniambia kwamba ndipo alipofahamiana na watu wa nyumba ambayo siku ile hakuna aliyeugua. Walikula pamoja, walizikana, walichekeana kama majirani. Hakuwahi kuitamka mbele yao ile hadithi ya homa. Fungu la baba yake lilikuwa limekatwa kwenye chungu kimoja na fungu lao.

"Kwa hiyo hata hapo," nikamuuliza, nikiwa tayari na kalamu, "niondoe bahati?"

Alifikiri, ungo ukiwa umesimama hewani.

"Hapo iache. Ilikuwa bahati. Ila usiisome kwa sauti kubwa."